Sehemu ya Kumi na Tisa ya Mama Fuko

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kazini. Wiki tatu na ushei tangu tumzike dada. Meza yangu imefutwa vumbi, mtu kaniwekea kikombe kipya. Kila mmoja alisema pole, kisha akatazama viatu vyake.

Kazi yangu ni kutazama katuni. Naiandika hivyo hivyo ilivyo. Mwanaume wa miaka thelathini na sita, ndevu hadi shavuni, nalipwa na kituo cha televisheni kuamua kama sungura fulani anafaa kuingia sebuleni kwa mtoto wa miaka mitatu. Nina hedifoni, skrini mbili na fomu ya maswali kumi na mawili. Kuna kupigana? Kuna matusi? Kuna kifo? Kuna mtoto anayemjibu mkubwa ovyo? La mwisho ndilo gumu — Je, kuna jambo ambalo mtoto akiliiga litamdhuru? Chini kabisa natia neno: inafaa, au haifai. Dada alikuwa ananiita Hakimu wa Sungura.

Leo nimekataa dubu anayewapiga wenzake kwa sufuria. Nimekataa samaki wa waridi ambaye haongei, anapiga mayowe tu kama kabanwa na mlango. Nimepitisha konokono. Konokono hana neno na mtu.

Saa kumi skrini ya ukutani ikaanza Mama Fuko. Sikuwa nimejiandaa! Sauti ya dada ikajaa chumba kizima. Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi mpaka kipindi kiishe. Dakika kumi na moja.

Maana sauti ya Mama Fuko ni dada. Fuko yule wa katuni, mnyama mchimba mashimo, na wanawe watatu wanaishi chini ya shamba la karoti. Kila siku mama anaingia ardhini kutafuta kitu, watoto wanabaki juu, wanahesabu. Halafu udongo unafumuka, pua inatokeza, na mama anapiga kelele: "Nimechomoza!" Mfasiri aliandika "Nimerudi." Dada akagoma. Alisema mtu anarudi kutoka sokoni, huyu katoka ardhini, huyu kachomoza. Neno ni lake. Siku hizi hakuna mtoto anayetoka chini ya meza bila kulisema.

Jumanne, 4 Machi

Bado nalala kwa mama. Chumba changu cha kupanga nimekifunga, nitarudi nikiweza.

Chiriku ana miaka minne na miezi miwili. Ni mtoto wa dada, wa pekee. Baba yake aliondoka kabla hajazaliwa na jina lake halitajwi humu ndani. Chiriku tulimwita kwa sababu ya mdomo — mtoto alikuwa anaongea mpaka usingizini, anaongea na kijiko. Tangu msiba anajibu ukimuuliza, basi.

Siku ya msiba mama alimwambia, "Mama amesafiri." Wote tukadaka neno hilo kama watu waliopewa mwavuli. Shangazi kasema amesafiri, majirani wamesema amesafiri. Nami nimesema. Mara mbili.

Saa kumi anakaa kwenye mkeka, magoti kifuani, anatazama Mama Fuko. Mama aliniuliza kama tumzimie. Mimi ndiye mtaalamu wa nyumba! Nilisema amwache, sauti itamtuliza. Nilisema vile kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Mimi kazini nakimbilia kwenye ngazi.

Jioni nimezikuta kandambili za dada uani, zile za bluu zenye ukanda ulioshonwa kwa uzi mweusi. Zilikuwa pembeni ya tangi la maji, pale udongo ulipo laini. Kando yake taulo dogo limekunjwa mara nne. Mama anasema mtoto anacheza tu.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nilizirudisha kandambili chini ya kitanda cha dada. Jioni ziko nje tena. Taulo pia.

Zimepangwa. Visigino vimeelekea tangi, vidole vimeelekea nyumba. Kama unavyomwekea mtu anayetoka kuoga.

Sikuzigusa.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi ameniita. Ni mama mtaratibu, hana haraka ya kusema. Alifunga mlango mwenyewe. Vipindi vipya vya Mama Fuko vimefika, vinaanza Jumatatu ya tarehe kumi na saba. Sauti mpya imepatikana. Alisema wamengoja kwa heshima na hawawezi kungoja zaidi, na kama sitaki kuvikagua atampa mwingine. Nikasema nitavikagua. Ujeuri tu.

Nimesikiliza sehemu ya kwanza. Msichana yule anaweza. Hiyo ndiyo iliyoniuma! Angekuwa mbovu ningemkataa kwa raha. Ana joto, ana mzaha, hakimbilii maneno. Alipofika kwenye "Nimechomoza" nilivua hedifoni, nikaivaa tena, nikarudisha nyuma, nikasikiliza kama mtu anayeonja mboga ya mke wa pili.

Nimeandika inafaa. Halafu nimekaa chooni robo saa nikilia na bomba limefunguliwa.

Siku kumi zimebaki. Chiriku atakaa kwenye mkeka wake saa kumi, na Mama Fuko atatoka ardhini akiwa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyalainisha.

Baada ya chakula cha mchana nilimkuta Chiriku amelala kifudifudi pembeni ya tangi, sikio ardhini. Nikamuuliza anafanya nini. Anasikiliza. Anasikiliza nini? Mama anachimba.

Nikachutama.

Nikasema — mjinga mimi — Bibi si alikwambia mama amesafiri? Akaniangalia kwa huruma kabisa, kama mimi ndiye mwenye miaka minne. "Bibi hajui, Mjomba. Mimi niliona. Mama hajasafiri. Ameingia chini. Watu wakamfunika."

Tulimwacha kwa jirani siku ile! Tulipanga, tukakubaliana. Kumbe jirani naye alitaka kuzika, hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaja naye, akamsimamisha nyuma ya gauni lake. Gauni halina ukubwa wa kuziba kaburi.

Kwa hiyo aliona. Na alipoona hakulia, kwa sababu anajua kinachofuata. Amekitazama mara ngapi? Mama anaingia chini, watoto wanahesabu, mama anachomoza. "Atakuja na udongo miguuni," akaniambia. Ndiyo maana ya taulo. Na atakuwa hana viatu, maana walimwingiza bila viatu, alimuuliza jirani akaambiwa. Ndiyo maana ya kandambili. Kwa nini hapa uani? Kwa sababu hapa ni kwetu, atachimba mpaka hapa. Nikamuuliza amehesabu mpaka ngapi. Anajua kuhesabu hadi ishirini. Akifika anaanza tena.

Nami, Hakimu wa Sungura, nilisema nini? Nilisema, "Twende tukanywe chai."

Jumatatu, 10 Machi

Nimetoa faili la Mama Fuko kabatini. Fomu ya kwanza kabisa, miaka miwili iliyopita. Mwandiko wangu, sahihi yangu na mkia wake. Kuna kifo? Hakuna. Kuna jambo ambalo mtoto akiliiga litamdhuru? Hakuna. Inafaa kabisa. Hilo "kabisa" nimelipigia mstari!

Nani angejua? Hakuna swali kwenye fomu linalouliza: mtoto akimzika mama yake, ataelewa nini?

Nyuma ya faili kuna karatasi nyingine. Nilijua ipo. Nimekaa nayo mkononi hadi chai ikapoa.

Sehemu ya kumi na tisa. HAIFAI, kwa herufi kubwa.

Kawaida nakagua kwanza, ndipo sauti zinatiwa. Zile zilikuja tano kwa mpigo, wakati nina homa, na studio hawakungoja. Dada akawa ameshaifanya kabla sijaiona. Ni ile ya Babu Fuko. Babu anaingia chini, watoto wanahesabu, babu hatoki. Amekufa. Mama Fuko anakaa na watoto na anawaambia. Hakuna damu, hakuna mayowe. Nilitazama dakika tano nikaizima. Kuna kifo? Kipo. Haifai. Kwangu ilikuwa hesabu rahisi.

Dada alikuja hadi mezani kwangu. Hajawahi kunigombeza mbele za watu, siku ile aligomba. Unawaficha nini? Nzi wakifa dirishani wanawaona. Kuku akichinjwa wanaomba miguu. Wewe unataka wajue lini, wakiwa na ndevu kama zako? Nikamjibu kwamba yeye ni sauti, mimi ndiye mkaguzi, kila mtu afanye kazi yake. Nilimwambia hivyo dada yangu — aliyenifundisha kufunga kamba za viatu! Alicheka kidogo, kicheko cha kuumia, akachukua mkoba wake. Wiki nzima hatukusalimiana. Baadaye tuliongea, tulitaniana, tulikula pamoja, lakini la sehemu ile hatukulirudia tena.

Mama anapenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Anasema kwa ajili ya wengine.

Jumanne, 11 Machi

Nimeshuka studio kumtafuta Fundi Sauti. Ni chumba chenye magodoro ukutani, na yeye katikati yake kama mtu aliyehamia. Nikamuuliza kama sehemu ya kumi na tisa bado ipo. Akasema vilivyokataliwa vinafutwa kila miezi sita, ndiyo sheria. Nikakaa juu ya boksi.

Akanitazama, akaanza kubonyeza. "Sikuifuta, kaka. Usinishukuru. Uvivu tu."

Ipo!

Akaniambia jambo. Ile sentensi ya kuwaambia watoto, dada aliirudia mara nne. Mara tatu za kwanza zilikuwa nzuri, Fundi mwenyewe alishatosheka. Dada akasema hapana, amesema kwa kubembeleza mno. Akasema, "Hapa nampa mtoto habari, simpi peremende." Ya nne ndiyo iliyobaki.

Amenitilia kwenye flashi. Alipokuwa ananipa aliishika sekunde mbili zaidi, halafu akaiachia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwambia mama.

Nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikamweleza: kandambili, taulo, sikio ardhini. Nikamweleza Jumatatu sauti inabadilika. Nikamweleza sehemu iliyo kwenye flashi na kwamba nataka Chiriku aitazame Jumamosi, na sisi wawili tukiwa pale.

Alikataa kabla sijamaliza. Mtoto mdogo vile! Utampasua moyo. Akikua atajua mwenyewe, kama tulivyojua sisi. Nikasema, "Mama, anajua kwamba mama yake yuko chini. Asichojua ni kwamba hatoki. Anangoja. Kila siku anangoja, na sisi tunamwongezea siku." Akasema katuni zangu ndizo zilizomfundisha upuuzi huo. Na hilo ni kweli.

Akaendelea kuchambua. Vidole vinatupa mchele mzima, vinaacha mawe.

Halafu akasema, polepole, hakunitazama: tangu siku ile yeye hajalisema neno hilo kwa mtu yeyote. Kwa simu alikuwa anasema "yametokea." Kwa majirani, "mwenzenu ametutoka." Kwa mtoto, amesafiri. "Nikimwambia mtoto, mwanangu, nitakuwa nimesema. Na nikishasema, mimi nitabaki na nini?"

Nilichukua sinia mikononi mwake. Tukachambua mchele pamoja. Hakusema ndiyo. Hakusema tena hapana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejaza fomu upya, sehemu ya kumi na tisa. Nimejaza kwa ajili yangu, bosi haihitaji.

Kuna kupigana? Hakuna. Kuna matusi? Hakuna. Kuna kifo? Kipo. Mtoto akiliiga litamdhuru? Sijui. Inafaa?

Nimeacha wazi.

Jumamosi, 15 Machi

Ni saa tano na nusu asubuhi. Naandika kwenye meza ya dirishani, sitaisoma tena hii.

Saa nne nilichomeka flashi. Chiriku alikuja na mkeka wake mwenyewe, akashangaa kwamba Mama Fuko yupo asubuhi. Mama alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Nilimwambia akae. Hakukaa.

Wimbo ukaanza. Babu Fuko akaingia chini, polepole, na mkongojo wake. Watoto wakahesabu. Chiriku akahesabu nao, kwa midomo tu. Ishirini. Wakaendelea — thelathini, hamsini — Chiriku akanyamaza maana namba zilimwishia. Wakahesabu mpaka jua la katuni likazama. Mmoja akaleta karoti akaiweka pale babu alipoingilia.

Nikasikia mama nyuma yangu akivuta pumzi.

Mama Fuko akaja, akakaa katikati yao. Na dada akasema. Sauti yake tupu, haijatiwa sukari. "Babu amekufa. Hatachomoza."

"Hata kesho?" akauliza mdogo.

"Hata kesho."

"Hata tukimwachia karoti?"

"Hata tukimwachia karoti. Hii tutaila sisi. Tutaila huku tunalia."

Ndivyo inavyokwisha. Wanakula karoti moja watu wanne, wanalia, usiku unaingia. Dakika sita ambazo mwaka jana sikuzifikia, maana nilizima kwenye ya tano. Sikuwahi kujua kwamba karoti inaliwa.

Chiriku akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Mara ya tatu alisogea mpaka pua ikaribie skrini, na pale dada alipojibu "Hata kesho" naye akasema "Hata kesho," sawasawa, pumzi kwa pumzi. Kisha akageuka.

"Na mama?"

Nilipiga moyo konde. Nimekuwa nikijipangia maneno tangu Jumapili, mazuri kabisa, yote yakakimbia. Nikakumbuka peremende. Nikasema, "Na mama. Mama amekufa, Chiriku. Hatachomoza."

Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akaketi chini palepale mlangoni, na akasema, akiwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, "Amekufa. Mwanangu amekufa." Alisema mara ngapi sijui.

Chiriku alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akatazama televisheni. Nilidhani atalia. Akaoneshea kidole skrini.

"Mbona anaongea?"

Hilo sikulipanga. Hakuna fomu yenye hilo! Nikamwambia sauti yake aliiweka humo zamani, akiwa mzima. Mwenyewe ameondoka, sauti imebaki. Akauliza kama sauti inatuona. Nikasema haituoni. Akauliza kama itabaki na Jumatatu. Nikasema Jumatatu atakuja mtu mwingine kumsemea Mama Fuko, ila hii ya mama tunayo sisi, hapa, kwenye kidude hiki. Akakishika kidude. Akakipima mkononi. Akasema ni kidogo.

Halafu akatoka nje bila kukimbia.

Kwa hiyo niko dirishani. Nimetaka kumfuata mara tatu, mama kanizuia kwa macho, kisha yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda. Amejikokota hadi penye tangi, magoti yanamgomea, ameketi juu ya udongo na gauni lake safi. Chiriku yuko kifudifudi, sikio chini. Amekaa hivyo muda mrefu. Sasa analia. Analia kwa sauti, kinywa wazi, kile kilio tulichokingoja na kukiogopa tangu mwezi uliopita. Mama amemwekea mkono mgongoni, hambembelezi, wala hamwambii nyamaza.

Chiriku ameinuka. Amejifuta uso kwa taulo lililokuwa la miguu ya dada. Amempa bibi yake taulo. Ameokota kandambili moja, ya kushoto, ameipangusa udongo, ameibana kwapani.

Mama anamuuliza — nasikia vizuri, dirisha liko wazi — na ile nyingine je?

Chiriku anaitazama. Vidole bado vimeelekea nyumba.

"Ile bado, Bibi," anasema. "Ile bado."